Gari Lililomjua Mwenyewe

Kabla ugonjwa haujamwangusha, Maswali hakuwahi kufungua boneti ya gari la mtu bila kwanza kumchosha mwenye gari. Jina hilo walimpa wateja, na walimpa kwa hasira. Mtu alifika jasho linamtiririka, gari limevutwa kwa kamba, anataka fundi atie mikono papo hapo, kumbe fundi anavuta kigoda, anaketi, anauliza: liliwaka lini mara ya mwisho? Kisha kimya. La pili haliji mpaka la kwanza lijibiwe, tena lijibiwe lenyewe, si kwa habari za safari wala za shemeji aliyeliazima. Wapo waliosusa wakaondoka. Waliobaki walirudi nyumbani wakiendesha, na ingawa walimsengenya njia nzima, kesho yake walimletea magari ya ndugu zao.

Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati ubavuni mwa nyumba. Mkewe alishona nguo barazani, hatua chache tu kutoka hapo, na miaka yote hiyo sauti ya cherehani yake ilichanganyika na milio ya spana. Yeye walimwita Sindano, na tusidanganyane, haikuwa kwa sababu ya kushona. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko mguu wake kwenye kanyagio la cherehani. Aliuliza mambo matatu kwa pumzi moja, akajijibu mawili, na la tatu akalisahau.

Kiharusi kilimkuta Maswali asubuhi akifunga kamba za viatu. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yote yakamtoroka isipokuwa moja, nalo ni sufuria. Kwa nini sufuria na si spana, hakuna aliyejua. Akitaka maji, sufuria. Akikasirika, sufuria. Siku za mwanzo walicheka, na yeye akacheka nao kwa upande mmoja wa uso. Baadaye kicheko kiliisha.

Lakini kilichomkata maini Sindano hakikuwa hilo neno. Ilikuwa ile namna ya kuitikia kwa kichwa. Alimwinamia akamuuliza, unataka chai, au maji, au ulale kwanza, mbona umekunja uso, mguu unauma? Maswali akaitikia. Chai ikaletwa, akaisukuma. Maji yakaletwa, akayasukuma. Akilazwa, anataka kuinuka. Daktari alisema ni mapema mno kujua mgonjwa anaelewa kiasi gani, tusubiri. Mdogo wake Maswali, ambaye Sindano alimwita shemeji, aliyasikia maneno hayo akayatafsiri kwa njia yake: kaka haelewi kitu.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alilia chooni siku ile hospitalini akidhani hakuna anayesikia. Alikuwa na nyumba yenye nafasi, katika mji mwingine, na tayari alikuwa ameandaa chumba cha chini chenye mlango mpana. Kaka atapumzika kule, alisema, na mkewe naye atapata wa kumsaidia, na banda lifungwe, maana linatunza nini tena? Sindano akakubali. Alikubali kwa uchovu, na alikubali kwa woga. Kumlisha mumewe na kumvika hakukumwogopesha, angefanya hivyo hata uzeeni. Alichoogopa ni kwamba mumewe hayumo tena, kwamba yeye Sindano amebaki kulala na kuamka na sura yake tu. Hofu hiyo hakumwambia mtu, kwa sababu angeisema angeisikia.

Basi siku ya kuhama ikafika. Shemeji alikuja kwa basi ili awaendeshe katika gari la kaka yake, gari dogo kuukuu ambalo Maswali alilipenda kuliko alivyotaka kukiri. Begi lilikuwa barazani. Maswali alikuwa barazani pia, kwenye kiti, amevalishwa shati la kutokea na kofia. Na gari lilikuwa safi ndani na nje, kwa kuwa jana yake Sindano alilifagia, akalifuta kwa kitambaa kibichi, akaingiza mkono kila pembe. Kazi hiyo zamani hakuruhusiwa. Mumewe alisafisha ndani ya gari lake mwenyewe.

Hapa inafaa kusema kwamba Sindano na gari hilo walikuwa na ugomvi wa siku nyingi. Kuendesha alijua, lakini kila alipochukua funguo aende kwa dada yake, gari liligoma. Mumewe akija, anaingia, anazungusha funguo mara moja, linaunguruma. Kisha anashuka akifuta mikono na kusema gari linamjua mwenyewe. Sindano aliamini, akaanza hata kuwasimulia wateja wake. Siku ya hospitali lilimwakia jirani aliyewapeleka bila shida yoyote, na katikati ya msiba wote ule, jambo hilo lilimuudhi.

Shemeji akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akapiga tena. Akashuka akafungua boneti, akatazama kama mtu anayetazama kisima, akasema ni betri. Akarudi kupiga tena mpaka mzunguko ukaanza kuwa mzito.

"Sufuria," Maswali akasema barazani.

Shemeji akamwambia sawa kaka, tunaondoka sasa hivi. Maswali akalirudia neno lake kwa nguvu zaidi, akapiga mkono wa kiti kwa mkono wake wa kushoto. Sindano akakimbia kwake. Akamuuliza kama amechoka, kama jua limemfikia, kama anataka ndani, au ni hilo shati linambana. Maswali akaitikia kwa kichwa. Akamshika kwapa amwingize ndani, naye akajikaza kitini akakataa kuinuka.

Sindano akamwachia. Machozi yalikuwa karibu. Aliligeukia gari, na kwa kuwa hakuwa na la kusema, yakamtoka maneno aliyoyasikia kutoka bandani maisha yake yote ya ndoa. Liliwaka lini mara ya mwisho, alinong'ona. Kisha akanyamaza, maana hata katika kichwa chake swali hilo lilifuatwa na kimya siku zote.

Ndipo alipoona walichokuwa wakimfanyia. Mtu ambaye hakuwahi kuuliza mawili kwa pamoja, nao walimmwagia maswali kama wanamwosha. Unataka chai au maji au ulale: angejibu lipi kwa kichwa kimoja? Aliitikia ili wanyamaze.

Akaenda bandani akaleta kigoda. Akakiweka mbele ya mumewe, akaketi, akamtazama machoni.

"Ni betri?"

Akajiziba mdomo kwa kiganja, kwa kweli kabisa, kwa sababu la pili lilikuwa tayari ulimini. Shemeji akataka kusema kitu, Sindano akamkata kwa jicho. Ilichukua muda. Uso wa Maswali ulihangaika, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni gizani, kisha akatikisa kichwa. Hapana.

"Ni petroli?"

Hapana.

"Ni moto wa plagi?"

Akaitikia. Aliitikia polepole, mara moja, na kidole chake cha kushoto kikaelekea kwenye boneti.

Lakini Sindano si mtu wa kudanganywa kirahisi. Bahati nayo ipo. Akamuuliza jingine.

"Mimi ni dada yako?"

Maswali akamtazama kwa jicho la mtu aliyetukanwa. Kisha akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka shingo ikamuuma, na upande mzuri wa mdomo wake ukacheka.

Kuanzia hapo hakukuwa na mjadala. Wakamsogeza na kiti chake mpaka mbele ya gari. Sindano akaleta spana ya plagi, akauliza ni hii, akaitikiwa. Alishachomoa waya na kufungua plagi moja kabla shemeji hajamaliza kukunja mikono ya shati. Akairudisha plagi kwenye waya wake, akaishika kwa kitambaa kikavu alichokikunja mara nyingi, akaiegemeza chuma kwa chuma kwenye injini. Maswali akavua kofia yake akamnyooshea. Sindano hakuelewa, akaanza kuuliza, akajizuia, halafu akaelewa: kivuli. Cheche haionekani vizuri juani. Akaikinga plagi kwa kofia, shemeji akapiga stata.

Hakuna cheche. Hata ya kudanganyia.

"Haina moto," akasema, na mumewe akaitikia kama mwalimu aliyefurahishwa.

Kilichofuata alikijua kwa sababu alishawahi kumshikia nyaya mara nyingi, akilalamika kwamba nguo za watu zinamsubiri. Kulikuwa na taa ndogo bandani, balbu yenye nyaya mbili ambayo Maswali aliitengeneza mwenyewe. Waya mmoja ukabanwa kwenye chuma cha gari. Wa pili akauliza kama uende kwenye koili, kile kifaa kinachozipa plagi umeme, akaonyeshwa kwa kidole ni mguu upi wa koili, ule unaopokea umeme kutoka kwenye funguo. Shemeji akawasha funguo. Taa ikabaki imelala. Kwa hiyo umeme haukufika kwenye koili, na koili isiyopata umeme haina cha kupeleka kwenye plagi. Stata ilizunguka kwa sababu ina njia yake nyingine.

Shemeji alichangamka sasa. Kupitia dirishani akauliza je kama ni fyuzi, au swichi ya funguo yenyewe, au panya wametafuna, au labda maji.

"Moja moja, shemeji," Sindano akamwambia.

Fyuzi? Hapana. Swichi ya funguo? Hapana. Waya umekatika? Hapo Maswali hakuitikia wala hakutikisa. Alipinda kiganja huku na huku. Kisha akatazama pembeni, na Sindano, ambaye ameishi na uso huo muda mrefu, akaona kitu ambacho hakutarajia kukiona humo tena. Mumewe alikuwa anaona aibu.

Akaashiria ainuliwe. Sindano akamshika kwapa, naye akaburuta mguu mpaka kwenye mlango wa dereva. Shemeji aliondolewa kitini kwa mkono mmoja kama kuku aliyepanda kwenye meza. Maswali akaegemea, akaingiza mkono wa kushoto chini ya kiti, chini ya zulia, kwenye pembe ile ambayo jana kitambaa kibichi cha mkewe kilipita kwa bidii sana. Pakasikika mlio mdogo wa kitu kilichobonyezwa.

Kule mbele, kwenye koili, taa ikawaka.

Sindano aliitazama taa ile isiyofika ukubwa wa kidole gumba. Yumo, alijisemea. Yumo ndani, yuko mzima, alikuwa akibisha hodi siku zote hizi na sisi tunapiga kelele. Akamketisha mumewe kwenye kiti chake, akarudisha plagi na waya wake. Shemeji akarudi ndani ya gari akapiga stata, injini ikashika mara ya kwanza.

Hapo ndipo akili ya Sindano ilipomrudia na kuanza kupiga hesabu. Swichi ya siri. Ya kukata umeme ili gari lisiibwe, wengi huweka. Jana ameibonyeza mwenyewe kwa kufuta. Lakini kumbe siku zote za nyuma, kila aliposema anakwenda kwa dada yake, kuna mkono uliotangulia kuibonyeza?

"Uliiweka kwa ajili ya wezi?" akauliza.

Maswali akafikiri. Akatikisa kichwa.

"Uliiweka kwa ajili yangu?"

Akaitikia. Alikuwa na haki, kwa sababu mwaka wa kwanza wa ndoa yao Sindano alilitoa gari hilo na kulirudisha na kipande cha ukuta wa jirani. Ila kuficha jambo miaka yote hiyo, tena kwa uso mkavu, eti gari linamjua mwenyewe! Alitaka kukasirika. Alifungua mdomo ili amchome vilivyo, kikatoka kicheko, akacheka mpaka akashikilia mbavu, na Maswali akacheka naye akisema sufuria, sufuria, na safari hii lilikuwa neno zuri tu.

Shemeji peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na mkono juu ya paa la gari, injini inanguruma chini yake, akilitazama begi la barazani. Gari lilikuwa tayari. Hakuna kilichowazuia kuondoka. Sindano akaona anachokitazama, kicheko kikamkauka.

Shemeji akazima gari. Akaja akachuchumaa mbele ya kaka yake. Ilionekana wazi kwamba ana mengi: chumba, mlango mpana, hospitali iliyo karibu, jinsi alivyopaka rangi kwa mikono yake. Aliyameza yote.

"Kaka, unataka kuja kukaa kwangu?"

Akanyamaza. Kunyamaza hakukuwa kazi yake, mishipa ilimsimama shingoni. Maswali akamtazama mdogo wake. Kisha akainua mkono wa kushoto akauweka begani mwake, akauacha hapo, na akatikisa kichwa.

Shemeji akainamisha uso. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, lakini mabega yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua gunia. Hakubishana. Akapanda barazani, akalichukua begi, akaingia nalo ndani, na Sindano akamsikia akifungua kabati na kurudisha mashati ya kaka yake.