Mbwa Aliyepiga Hodi Zizini

Juzi mjukuu wangu wa kike, yule mwenye saluni Mpanda mjini, alikuja kunisalimia hapa Kibaoni akiwa amepakata mbwa juu ya bodaboda. Mbwa kavaa mkanda mwekundu shingoni, manyoya yamechanwa, ananukia sabuni kuliko bibi harusi. Ng'ombe wa jirani walipopita akabweka mara moja, halafu akakimbilia miguuni kwa mwenyewe.

"Bibi usimwogope, hang'ati."

"Nani kakwambia namwogopa? Namwonea huruma. Mbwa gani hajui ng'ombe?"

"Basi mfundishe, si unajifanya fundi!"

Akacheka, akaingia ndani kuchaji simu. Mimi nikabaki uani na mlenda wangu unachemka, kichwa kimeshaenda mbali, kwenye zizi la baba, kwa mbwa mmoja wa rangi ya majivu tuliyemwita Ukoko.

Ngoja nikueleze, maana huenda maisha yale hukuyaona. Sisi ni Wasukuma. Tulishuka huku Mpimbwe na ng'ombe kutoka kaskazini nikiwa bado binti mdogo. Ukoko alisafiri njia nzima ndani ya kapu, kichwani kwa mama, kwa sababu mbwa aliyemzaa alikufa na yeye hata macho hajafumbua. Tulipofika akakulia jikoni. Tulimpa ukoko wa ugali wa mtama, tukamgawia michembe yetu ya viazi vikavu, usiku akalala na sisi juu ya ngozi. Akawa mbwa mzuri sana wa kuchezea. Na kosa lenyewe ndilo hilo. Mbwa wa mfugaji anazaliwa pembeni ya zizi, akifumbua macho anaona kwato. Wa kwetu alifumbua macho akaona chungu.

Siku alipotoka jikoni akaenda zizini, alidhani ndama ni watoto wenzake. Akawakimbiza kwa furaha, mkia juu, ndama mmoja akatumbukia korongoni akateguka mguu. Baba hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kusema neno moja akalala nalo. Alisema, "Kiangazi tunapeleka ng'ombe mbugani. Kama huyu atakuwa hajajua kazi, siendi naye na simwachi hapa. Rungu ninalo."

Nililia. Hakuna aliyenibembeleza. Zamani zile mtoto akilia alipewa chungu cha kusugua.

Kaka mkubwa akajitia fundi. Alimfunga Ukoko kamba, akamburuta hadi katikati ya zizi kama anavyoburuta dume la kulimia. Ng'ombe mmoja mwenye ndama mchanga akamnyanyua kwa pembe, akamtupa juu ya ua wa miiba. Mbwa akajichomoa akilia, akaingia chini ya kihenge cha mtama, na siku ile hakutoka hata kwa maziwa.

"Mwoga huyu," kaka akasema. "Baba ammalize tu, yaishe."

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa anasukasuka maziwa kwenye kibuyu. Akakiweka chini.

"Mwoga ni wewe uliyetegemea kamba. Ng'ombe ndio wenye nyumba. Kwenu mgeni anaburutwa mpaka chumbani, au anapiga hodi?"

Kaka akaokota kamba yake, akaondoka.

Bibi yule alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, na sikuwahi kumwona akimpiga mnyama. Sisi alitupiga. Mnyama hapana. Kwanza alimtoa Ukoko jikoni, na mimi nikakatazwa kumgusa, hata kumwita. Akampaka samadi mbichi na mkojo wa ng'ombe kuanzia masikioni hadi mkiani, mpaka harufu ya nyumba ikamtoka. Akamfunga nje ya ua, upande ambao upepo unapeleka harufu yake kwa ng'ombe. Alilia yule mbwa! Mimi niko kwenye kinu natwanga mtama, natwanga kwa nguvu nisimsikie.

Ng'ombe wakaanza kuja. Wananyoosha shingo kwenye miiba, wananusa, wanapuliza pua, wanaondoka. Yule aliyemrusha alikuja akiparura ardhi kwa kwato. Bibi hakumfukuza wala hakumshika mbwa. Alingoja. Alikuwa na msemo wake: "Harufu kwanza, macho baadaye, miguu mwisho." Watu wengi, alisema, wanaanza na miguu.

Baadaye akamwingiza kwa ndama, kamba fupi, na maziwa yake akamimina kwenye kigae pale pale mlangoni mwa zizi. Ndama wakazoea. Wakawa wanamlamba masikio wakitafuta chumvi. Hata asubuhi moja yule ng'ombe mkali akamnusa kutoka pua hadi mkia, akageuka, akaendelea kucheua. Bibi akaniita.

"Umeona? Aliyemruhusu ni ng'ombe, sio mimi."

Ndipo akamfungua kamba.

Majani yalipokauka, kama wiki hivi kabla ya kwenda mbugani, kaka alirudisha ng'ombe jioni, mtamba mmoja mwenye mimba hayupo. Na Ukoko hayupo.

"Nilisema mimi," kaka akaanza. "Kamkimbiza huyo."

Baba akachukua rungu, akatoka. Nikamfuata. Bibi hakunizuia. Alishika fimbo yake akaja nyuma yangu.

Tuliwakuta bondeni, jua bado lipo. Mtamba kazaa. Ndama ana unyevu, anajaribu kusimama anaanguka, mama anamlamba. Ukoko alikuwa amelala mbali kidogo, kawapa mgongo, macho yote kwenye kichaka. Sikio moja limechanika. Mbele yake kwenye tope kulikuwa na nyayo za fisi, zimekuja, zimezunguka, zimerudi. Aliponiona akatikisa mkia, lakini hakuinuka kunifuata. Hapo nikajua si mbwa wangu tena. Iliniuma, na nilijivuna, vyote kwa pamoja.

Baba aliinama akazitazama zile nyayo. Akabana rungu kwapani, akambeba ndama mabegani. Halafu akaweka vidole mdomoni akapiga mluzi wake mrefu wa kuita ng'ombe, ambao mbwa hakuwahi kupigiwa. Ukoko akainuka, akashika nafasi nyuma ya mtamba, tukaondoka.

Bibi alisema tu, "Twendeni haraka, nimeacha maziwa wazi."

Miaka yote niliyoishi nimekutana na wajuzi wengi, sijamwona wa kumfikia bibi yule kwa kungoja. Saa hizi hakuna anayengoja. Mbwa wanafungwa minyororo walinde pikipiki na sola. Ng'ombe wanaswagwa na vijana wenye redio begani, mbuga zina mipaka, na kwa baba zizi lilishakuwa shamba la mpunga la watu wengine. Sidai mtu chochote. Ila ule mluzi sisi mabinti tulikatazwa kuupiga, nami nikajifunza kwa siri machungani, peke yangu na ndama. Naujua wote mpaka leo, unapopanda na unaposhuka. Meno ya mbele tu ndiyo yameniacha.