Pembe Iliyonyooshwa Chonyonyo

Tarehe 9 Agosti 1987 tulimzika baba yetu hapa Mabira. Aliacha ng'ombe mdogo wa shaba nyeusi, wa kuenea kiganjani, aliyetengenezwa kwa mkono na rafiki yake mhunzi ambaye naye ameshafariki. Baba hakuacha neno juu yake. Kaka yangu Deo alisema huyo ni ng'ombe wa Rwanda, lazima arudi alikozaliwa baba, akaanza kujiandaa kuvuka mpaka. Mimi sikutaka ng'ombe huyo aondoke. Nilimwomba Deo asubiri nimuulize shangazi, dada yake baba, anayeishi Rugu.

Jumatatu asubuhi nilipanda lori la kahawa hadi Chonyonyo. Nikisubiri gari jingine, nilimkuta mhunzi kando ya barabara, nikamwonyesha yule ng'ombe niliyembeba. Pembe ya kushoto ilikuwa imelala mpaka shavuni. Tangu utotoni niliamini mtengenezaji alikosea.

"Dada, huyu anajikuna shavu!" mhunzi alicheka. "Nimnyooshe?"

Nilikubali. Niliona haya kumpelekea shangazi kitu chenye kasoro. Mhunzi aliitia pembe motoni, akaigonga taratibu mpaka ikasimama.

Jioni nilifika Rugu. Shangazi alikuwa anamenya ndizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana."

Tulilia, kisha nikampa ng'ombe. Alimgeuza mara mbili.

"Simjui. Kwetu Rwanda hatukuwa na wa namna hii. Wa nani?"

Nikamweleza ile pembe ilivyokuwa. Aliweka kisu chini.

"Iliyolala shavuni? Huyo Bihogo! Ng'ombe wa kwanza wa baba yako. Alipewa na jirani Mnyambo, mwenyeji wa huku, hapo hapo Mabira, ninyi hamjazaliwa. Tangu siku ile hakusema tena kwamba atarudi Rwanda. Nawe umemrembesha kama bibi harusi!"

Alicheka huku akifuta machozi. Mimi sikuweza kucheka.

Jumanne, nikirudi, nilipita kwa yule mhunzi, nikamwomba airudishe pembe ilivyokuwa. Alikataa.

"Nikiikunja tena itakatika, dada."

Jumatano mchana nilifika Mabira. Deo alikuwa ameshafunga mzigo. Nilimweleza maneno ya shangazi, na kosa langu pia. Miaka yote niliiona pembe ile nisimuulize baba hata siku moja. Nimejifunza kuuliza kwanza, na nimelijua hilo baba akiwa amekwisha kufa.

Deo akafungua mzigo, akatundika shati la safari kwenye msumari, akaenda kukata majani ya mifugo.