Mtoto Ambaye Hakuulizwa

Wakio hakuketi katika nyumba ya mtu kabla ya kuuliza watoto wa nyumba hiyo walikuwa wapi. Hakuuliza kwa jumla. Alitaka kuambiwa habari za kila mmoja: huyu yuko mtoni, huyu amelala, huyu yuko kwa shangazi yake. Akiambiwa yuko kwa shangazi, aliuliza tena, "Nani amemwona huko?" Ndipo aliposogeza kiti na kupokea chai.

Katika landi za reli pale Voi, yaani nyumba za wafanyakazi, jambo hilo liliwachekesha vijana na kuwaudhi wazee. Sisi tuliotoka milimani tulilelewa tukijua kwamba mtoto ni wa nyumba zote za ukoo. Alikula pale njaa ilipomkuta, akalala pale usingizi ulipomshika, na angeweza kukaa kwa nyanya yake mwezi mzima bila mtu kutuma habari. Kumfuata na kuuliza, "Mtoto wangu yuko kwenu?" kulikuwa kama kumwambia mwenye nyumba kwamba humwamini, au kwamba unadhani anamnyima mtoto uji. Wakio mwenyewe, alipoolewa na kuteremka kutoka Chawia, alikuwa na adabu hiyo kuliko wengi.

Mumewe, Zephaniah, alifanya kazi katika genge la kutengeneza njia ya reli. Walikuwa na chumba kimoja na binti mmoja, Mable, ambaye mwaka wa 1953 alikuwa hajafikisha miaka minne. Karibu nao, katika landi hizo hizo, aliishi Tryphena, dada yake Zephaniah, ambaye hakuwa na mtoto. Mable alilala kwa shangazi yake mara nyingi kama alivyolala kwao. Msimu wa mavuno Tryphena alikuwa akimchukua, wakaenda pamoja Chawia kwa nyanya, na aghalabu hakuaga, kwa sababu lori la mboga lililompa nafasi lilirudi milimani mapema sana.

Asubuhi moja ya Julai, Wakio alirudi kutoka bombani akakuta mlango wa Tryphena umefungwa na Mable hayupo. Akayaunganisha mambo hayo mawili. Alifua nguo za mtoto, akazikunja, akaziweka. Majirani walipomuuliza aliwajibu kwamba mtoto yuko Chawia na wifi yake, na ndivyo alivyoamini.

Tryphena alirudi baada ya wiki mbili hivi, amebeba fungu la miwa kichwani.

"Wifi, umekuja peke yako?" Wakio alimuuliza, akicheka. "Nyanya amekunyang'anya mtoto?"

"Mtoto gani tena? Ama umezaa mwingine nikiwa shamba?"

"Tryphena, usinichezee. Mable yuko wapi?"

"Mable nilimwacha hapa, anakula kiazi mlangoni kwako. Wewe ndiwe mama yake, halafu unaniuliza mimi?"

Siku hiyo ndipo watu walipoanza kumtafuta. Polisi waliandika, mchungaji akatangaza kanisani, wanaume wa genge wakapita vichakani kando ya reli mpaka wakachoka. Kisha wote wakakubaliana kwamba mtoto alikuwa ameibwa na kupelekwa Mombasa. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Ilikuwa tu kwamba miaka ile, jambo lolote baya lililopita Voi lilisemekana limeteremka pwani.

Zephaniah alipata pasi ya likizo mara moja kwa mwaka, ya kumsafirisha mke wake bila nauli. Kwa miaka mitatu Wakio alikwenda nayo Mombasa, akabisha milango Majengo na Kisauni. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Magari ya moshi yaliyokuwa yakihamisha wafungwa kutoka kambi ya Manyani kwenda pwani yalipita Voi na askari mlangoni, na mwanamke aliyezungukazunguka stesheni akiuliza maswali alifukuzwa kama wengine.

Mwaka wa pili, wazee wa ukoo waliteremka kutoka Chawia. Walisema wakati umefika wa kumlilia mtoto, maana nyanya yake alikuwa mgonjwa na hakutaka kufa na jambo hilo likiwa wazi. Zephaniah alikubali. Wakio aliwapakulia chakula, akangoja wakamaliza kula, kisha akasema, "Lieni, siwakatazi. Lakini mimi sitakuja. Mtoto hajafa. Ni vile tu hatukumuulizia." Matanga yakafanyika Chawia bila mama wa mtoto. Tryphena naye hakwenda. Wanawake hao wawili hawakuwa wamesemezana tangu siku ya miwa, lakini wiki ile ya matanga waliteka maji pamoja.

Mwaka wa 1957 alirudi Voi mzee mmoja wa pwani, Mwinyihaji, ambaye zamani aliuza kahawa na mahamri stesheni, kisha akahamia Malindi kwa binti yake. Wakio alimwamkia, na kama kawaida yake akamuuliza kuhusu wajukuu, mmoja mmoja. Mzee alimjibu kwa subira, halafu akasema:

"Na wako wewe? Yule kitoto aliyekuwa akija kuniomba hamri?"

"Alipotea, mzee. Mwaka ule ule ulipoondoka."

"Kupotea vipi? Mimi nalimwona akipanda gari la Taveta. Kashika upindo wa leso ya mwanamke, na wanawake wenyewe walikuwa wengi, wana mapakacha matupu. Nikasema ni mamaye mdogo, ampeleka kutembea."

"Na hukusema?"

"Mwanangu, nani aliniuliza?"

Pasi ya mwaka huo ilikuwa ya Taveta. Wanawake wa mapakacha walijulikana: walitoka Mata, upande wa Taveta, wakaleta ndizi Voi na kurudi. Alipofika Mata hakuuliza sana. Kila mtu alimfahamu mtoto wa gari, aliyeishi kwa mama mmoja aitwaye Loise.

Loise alikuwa akimenya ndizi. Alimsikiliza mgeni wake mpaka mwisho, mkono haukusimama.

"Ndani ya gari kila mmoja wetu alidhani ni wa mwenzake," alisema. "Tulishuka, tukatembea, kila mtu akashika njia ya kwake, naye akabaki ameshika leso yangu. Hakusema neno, hata jina, wala alikopandia. Tukamwita Alice. Chifu akatangaza sokoni, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nyinyi mlikuwa wapi?"

"Tuliona aibu kuuliza."

"Aibu!" Loise aliweka kisu chini. "Mama, mimi ningeuliza hata mbuzi."

Mtoto aliporudi kutoka shuleni alimletea mgeni maji ya kunywa. Kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na kovu la moto, lililotokana na sufuria ya uji ya Wakio mwenyewe. Wakio aliliona, akanywa maji, akashukuru. Mtoto akaenda kusimama nyuma ya Loise.

Wazee wa pande zote mbili walikutana. Waliamua kwamba mtoto ni wa Zephaniah na angeweza kuchukuliwa siku yoyote. Zephaniah alitaka iwe siku ile ile. Wakio alisema mtoto aulizwe kwanza. Mtoto aliulizwa, akajibu kwa sauti ndogo kwamba anataka kukaa Mata, na Wakio akarudi Voi bila yeye. "Umemtafuta miaka minne, umempata, umemwacha!" Zephaniah alimwambia mbele ya watu. Lakini shule zilipofungwa, Loise alimleta Voi kwa siku chache, na likizo iliyofuata akamleta tena. Mtoto alikula vizuri, akacheza na wenzake. Alipotaka kitu alimwambia Loise, naye Loise akamwambia Wakio.

Mara ya mwisho nilipomwona Wakio ilikuwa Desemba 1959. Niliposikia habari zake tena, nikiwa mwalimu mbali na Voi, ilikuwa ni habari ya mazishi yake. Siku hiyo ya Desemba nilikuwa nimepanda gari la kwenda bara, naye alikuwa amesimama stesheni amevaa leso mpya, akingoja gari la Taveta. Binti alikuwa anakuja peke yake kwa mara ya kwanza. Loise alikuwa amebaki shambani. Tulisalimiana dirishani. Gari langu lilipoanza kusogea, alitembea sambamba nalo hatua chache, ameshika ukingo wa dirisha.

"Wewe umesoma, niambie," alisema. "Akishuka, nimwite Mable, au nimwite Alice?"