Kulwa na Doto wa Kompyuta ya Baba

Tulisafiri kwenda Mwanza kwa sababu mkono wa kulia wa Baba ulikuwa umeanza kutetemeka. Baba ni mwandika mabango hapa Sengerema, na karibu kila duka la barabara kuu limepitiwa na brashi yake. Tangu Pasaka herufi zake zilikuwa zinayumba, na wateja, bila kumwambia neno, wakaanza kupeleka kazi Mwanza kwa wenye kompyuta. Akauza maksai wetu wawili wa kulimia. Kompyuta nzima ya kuchorea ilikuwa haishikiki kwa bei. Bruda anayetufundisha hesabu shuleni, ambaye huniruhusu nimchapie barua zake, alitupatia skrini ya zamani na ushauri: mnunue vipande viungwe, ila mchague vinavyokubaliana, na vinavyoweza kuongezewa baadaye. Tukikosea, hatukuwa na maksai wengine.

Mimi niko kidato cha tatu, na si msemaji. Mbele ya wakubwa sauti hunikwama kooni. Maswali yote nilimwuliza Bruda peke yangu, nikaandika majibu kwenye daftari hili hili, kurasa nne. Baba hakujua. Alinichukua tu nimsomee Kiingereza cha kwenye maboksi.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Busisi. Kivuko kilikuwa ng'ambo, Kigongo, na hakikuonyesha haraka yoyote. Malori ya pamba yalikuwa yametutangulia. Utingo mmoja alituambia kwamba siku hizo za mgao umeme wa mjini kati ulikuwa ukikatwa saa nane mchana, na haurudi hadi usiku. Kuanzia hapo Baba hakutulia. Bruda alikuwa ametuonya tusilipie kitu ambacho hatujakiona kikiwaka.

Juu ya kivuko Baba alishika chuma cha pembeni kwa mkono wa kulia, akakikamata kwa nguvu, ili kutetemeka kusionekane.

"Huko dukani usiulize ulize," aliniambia. "Ukiuliza wanajua hatujui."

"Sitauliza, Baba."

Ilikuwa ahadi rahisi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Saa tano kasorobo tuliingia Nyamagana. Duka lenyewe lilikuwa nyuma ya soko, chumba kirefu, upande mmoja redio na kaseti, upande mwingine kompyuta zilizokuja vipande vipande kutoka Dubai tangu biashara ya nje ifunguliwe. Mwenye duka, Bwana Salum, alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni na ulimi mwepesi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamwuliza Baba jina, kisha akaweka juu ya kioo ile bodi kubwa ambayo vitu vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake.

"Hii ina kila kitu, Mzee Masalu. Picha imo humo humo, sauti imo humo humo. Kadi ya picha hununui."

Baba akaipenda palepale, maana ilikuwa rahisi. Mimi nikaitazama. Picha zake zingekula memori ile ile ya kazi nyingine, na hapakuwa na tundu la kuchomeka kadi ya picha yenye nguvu zaidi. Siku kazi ikikua, bodi nzima ni ya kutupa. Yote hayo yalikuwa ukurasa wa pili wa daftari. Baba akaingiza mkono ndani ya koti kutoa hela.

"Baba, hiyo haiongezeki," nikasema, kama mtu aliyekabwa.

Bwana Salum akacheka. "Binti, baba yako anataka kompyuta au anataka shamba la kupanua?"

Vijana wawili waliokuwa wakichagua kaseti wakacheka naye. Baba hakucheka. Mkono wake ulibaki ndani ya koti.

"Haiongezeki vipi, Minza?"

Nikaeleza huku nikiiangalia bodi, si watu. Bwana Salum alinisikiliza hadi mwisho, na kusema kweli hakudanganya. Alikiri ni hivyo, ila mwenye kutaka ya kuongezeka lazima alipe zaidi. Akatoa nyingine ya mwisho aliyokuwa nayo: matundu manne ya kadi, kitako kinachopokea prosesa kubwa zaidi, yaani ubongo wa mashine, na nafasi za memori za aina mbili, fupi za leo na ndefu za kesho. Baba akaichukua.

Saa saba wakaanza kuunga. Kasha la kwanza plagi yake ya umeme haikulingana na bodi, likarudi shelfu, likaja jingine. Kisha Bwana Salum akatoa kijiti kimoja cha memori, cha aina ile fupi ila chenye uwezo mkubwa.

"Inakubali?" Baba akauliza.

"Inakubali kabisa."

Kikaingia, tak. Alipowasha, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi, na ndani kukasikika pii, pii, pii. Akazima, akawasha. Pii, pii, pii. Saa ya ukutani ilisema imebaki nusu saa umeme ukatike.

"Bodi imekufa," Bwana Salum akasema. "Nilikwambia chukua ya kwanza, mzee. Ukamsikiliza mtoto."

Baba akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Nikafungua daftari mbele yao wote. Ukurasa wa tatu. Bruda ameishi sana kwetu, kwa hiyo alinieleza Kisukuma Kisukuma: kwenye bodi hii zile memori fupi huwekwa pacha, kama Kulwa na Doto, mbili zilizo sawa. Moja huingia, lakini haikubali.

"Umemweka Kulwa peke yake," nikasema. "Mtafute Doto."

Bwana Salum akavaa miwani, akaguna, akamwaga droo nzima juu ya kioo. Mwenza wa kile chenye uwezo mkubwa hakuwepo. Tukatafuta viwili vya uwezo mdogo, sote watatu tumeinama, tukisoma maandishi madogo kama mbegu za mchicha. Aliyevipata ni Baba. Hakujua maana ya namba hata moja, lakini miaka yote hiyo ameishi na herufi.

"Hivi viwili vimeandikwa na mkono mmoja," akasema.

Zikiwa zimebaki dakika kumi ulisikika mlio mmoja tu, na namba zikaanza kupanda kwenye skrini. Kadi ya picha ikakubali. Programu ya kuchorea, iliyokuwa tayari kwenye diski ya Bwana Salum, ikafunguka, nyeupe kama ukuta mpya. Baba akakaa, akashika mausi, akaandika M.

M ikayumba. Iliyumba vile vile kama kwenye ukuta.

"Kumbe inatetemeka hata humu," akasema polepole.

Umeme ukakatika.

Hilo la M kuyumba halikuwamo katika kurasa zangu nne. Hata Bruda hakuliwaza. Bwana Salum, sasa bila utani, alisema hatulazimishi, vitu vyake vinaweza kurudi shelfu. Baba alikuwa bado anatazama skrini nyeusi. Nikamwambia nilichokijua: herufi zimo tayari ndani ya mashine, hakuna haja ya kuzichora, ni kuzichagua na kuzipanga, na mausi naweza kuishika mimi.

"Na nani atajua zikae wapi?"

"Wewe, Baba."

Akasimama, akamwambia Bwana Salum afunge mzigo.

Jioni, Kigongo, tulidaka kivuko cha mwisho, kasha likiwa magotini mwangu. Katikati ya maji Baba akasema nisingoje tena mpaka aingize mkono kwenye koti ndipo niseme. Akageuka kutazama upande wa Busisi.

Nilichojifunza ni kwamba kuuliza "inakubali?" hakutoshi. Uliza inakubali na nini. Na ukijua, sema, hata kama sauti inatoka vibaya.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa lebo za asali za mama mmoja wa Nyehunge. Mashine ilipanga herufi kwa nafasi sawasawa, nikaona imekwisha. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mfukoni.

"Hiyo L imekaa mbali na mwenzake. Isogeze."

Nikaisogeza.

"Bado."

Nikaisogeza tena, unywele mmoja tu.

"Hapo. Usiiguse."