Mafuta ya Susu Yalikaa Sufuriani

Ule mwaka tuliokula mahindi ya manjano, hapo ndipo ninapoanzia. Kama ulikuwa Nairobi unaukumbuka: mvua ilikataa, unga mweupe ukapotea madukani, tukaletewa mahindi ya ng'ambo yenye rangi ya kiini cha yai. Mtaa wetu wa Jericho mzima ulikunja pua. Ati chakula cha ng'ombe! Nimeukumbuka juzi, mjukuu wangu aliponisomea kwenye simu kwamba karoti, mboga za kijani na nyanya zilizopikwa kwa mafuta huenda zikaisaidia ngozi kuvumilia jua. Niliruka kitini. Hivyo ndivyo tulivyolishwa!

Mpishi alikuwa susu. Sisi Wakamba ndivyo tunavyomwita mama wa mama. Aliyatwanga yale mahindi kwenye kinu nje ya nyumba yetu ya kanjo, ya kupanga kwa baraza la jiji, du, du, du, mpaka maganda yakatoka, akayapika muthokoi na kunde. Juu alimwaga nyanya alizokaanga hadi zikawa rojo jekundu, kando kipande cha malenge kinachotoa moshi. Wee, harufu ile! Na jua likifika utosini alitufukuza uani. "Ingieni kivulini, mnajianika kama dagaa wa omena!"

Sasa, dada wa jirani yetu alikuwa anaolewa, na mimi nilitaka kushika maua ya bibi harusi kuliko kitu chochote duniani. Lakini jirani alitaka msichana mweupe, na mimi ni mweusi tii. Akaja mlangoni na kipande cha sabuni ya kujichubua.

"Mama, mwoshe na hii wiki tatu. Akibaki hivi, kwa picha tutaona meno tu."

Susu hakuacha kutwanga. "Sabuni yako sitaki. Huyu nampaka kwa ndani."

Nililia mpaka kamasi. Halafu nikapata akili, akili ya kijinga: mahindi si ni ya manjano? Nikiyala sana si nitageuka? Nikaanza kumaliza sahani tatu, na karoti juu yake. Susu alifurahi, akidhani nimeacha kudeka, akaongeza malenge. Na viganja viliingia rangi kidogo, haki ya Mungu! Nikakimbia kumwonyesha jirani.

"Viganja?" alicheka akishika mbavu. "Kwani utaingia kanisani ukipiga makofi?"

Akamchukua rafiki yangu wa darasani, akamwosha na ile sabuni. Akawa mweupe kweli, wivu ukanikaba. Jumamosi moja kabla ya harusi wakafanya mazoezi ya kutembea nje ya kanisa, mchana, jua la kupasua mawe. Jioni uso wa maskini ulikuwa mwekundu, kesho yake ukababuka kama rangi ya ukuta. Kumgusa tu, analia.

Jirani akaja mbio, gauni mkononi. "Mama, niazime mtoto."

"Mchukue alivyo," susu akasema.

Nikashika maua! Picha ninayo: nang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Sisemi ni malenge peke yake; kutojichubua na kukaa kivulini ndiko kulikonikinga zaidi. Lakini ile ngozi ililishwa, bwana.

Kinu kile hakipo. Mlio wake uliokuwa ukiamsha mtaa haupo, na watoto wakitoka shule sasa wanatafuna chipsi, si karoti. Susu tulimzika zamani. Jumapili binti yangu alikuja na mkebe wa krimu ya kumng'arisha mjukuu wangu awe mweupe, ati kuna harusi.

"Mum, ni kidogo tu, ya picha."

Nilikuwa namenya malenge, sikuinua kichwa. Ilikuwa krimu, najua, lakini maneno niliyoachiwa ni hayo hayo.

"Sabuni yako sitaki. Huyu nampaka kwa ndani."