Mtamba Niliyemshukuria Mbele ya Dunia

Mwaka 2015, msimu wa kuvuna mahindi, nikiwa na miaka hamsini na minane, niliaibika mbele ya kata nzima ya Nyamwaga, na kwa kuwa aibu yenyewe niliiandika kwa mkono wangu na kwa jina langu kamili, sina wa kumsingizia.

Hata hivyo siku zile nazikumbuka kwa mapenzi. Dhahabu ilikuwa imewachanganya watu, kila mwenye sururu amekimbilia Nyakunguru, nami, mjane niliyemaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na tisa (cheti ninacho, anayetaka akione), nilikuwa nimepata dhahabu yangu Bomani, mjini Tarime, katika duka la kompyuta la Rhobi, ambako kila Jumatano niliandika katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote huruhusiwa kuandika na yeyote kumsahihisha. Niliandika juu ya mito yetu, migomba yetu, vijiji vyetu. Marehemu mume wangu ndiye aliyenipeleka masomo ya watu wazima, akinisubiri nje na baiskeli huku wenzake wakimcheka, na kila ukurasa niliomaliza niliuhesabu kuwa jibu kwao.

Ndipo akaja Marwa, aliyekuwa akigombea udiwani.

"Shikamoo mama. Nasikia wewe ndiye unayeandika watu mtandaoni."

"Marahaba baba. Naandika mahali. Watu bado."

"Basi anza na mimi."

Alhamisi, tarehe 20 Agosti, akaniletea mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni. "Si malipo, mama," akasema, "ni heshima tu." Nami nikapokea, uamuzi mdogo kama kupokea kikombe cha chai, na Jumatano iliyofuata nikamwandika Marwa kuwa mchapakazi, mpenda watu na mchimba visima (kisima kilikuwa kimoja, lakini mtamba alikuwa mzuri).

Sasa, kwetu Tarime ng'ombe haingii zizini kimyakimya. Anayepewa hutangaza rangi ya mnyama na jina la aliyempa, majirani wasikie, la sivyo kesho utaambiwa umeiba. Lakini majirani wangu wote walikuwa mashimoni wakitafuta dhahabu, kuku ndio waliobaki, kwa hiyo nikaona nitangaze palepale palipo na watu, katika ukurasa wa majadiliano wa makala yangu. Niliandika: "Mimi mjane wa Nyamwaga namshukuru Bwana Marwa kwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe, aliyenipa ili niandike habari zake. Ng'ombe huyu hakuibwa." Chini nikatia jina langu kamili.

Nikarudi nyumbani moyo mweupe.

Wiki iliyofuata nikakuta mkabidhi, yaani msimamizi wa kamusi ile, ameniuliza kwa adabu: "Je, ulilipwa kuandika makala hii?" Nikamjibu: "Hapana, ndugu. Nilipewa ng'ombe." Akanieleza kwamba huo ni mgongano wa maslahi, kwamba anayeandika kwa kupewa kitu huwadanganya wasomaji hata akisema kweli, na kwamba wenzake wangeamua kama niendelee kuandika au nifungiwe kabisa. Nilisoma maneno hayo mara kadhaa. Kufungiwa kulimaanisha kwamba waliomcheka mume wangu walicheka kwa haki.

Jumamosi, tarehe 5 Septemba, mpinzani wa Marwa akapanda jukwaani sokoni, akatoa simu, akasoma shukrani zangu neno kwa neno, baka jeupe na yote. Soko lilicheka hadi mbuzi wakakata kamba. Muuza ndizi mmoja, ninayemjua tangu usichana wetu, akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama Wankuru, huyo mtamba anakula majani au anakula kura?"

Nilidhani aibu imefika mwisho, kumbe ilikuwa inafunga viatu. Marwa naye akapanda, akasema, "Ng'ombe huyo mimi simjui," na papo hapo mtamba wangu akabaki hana aliyemtoa. Jioni sungusungu, walinzi wa kijiji, wakasimama zizini kwangu.

"Mama, huyu ni wa nani?"

"Someni mtandaoni, baba."

"Tumesoma. Mwenyewe kamkana."

Kwa zaidi ya miezi miwili nikawa mwandishi anayengoja kufungiwa na mfugaji anayenuka wizi, na Marwa, kwa taarifa yenu, kura hazikutosha.

Shauri lilimalizwa rasmi Ijumaa, tarehe 20 Novemba 2015, ofisini kwa mtendaji wa kata. Rhobi alikuja na ule ukurasa wa majadiliano, tarehe zake zote zikionekana, na wazee wakakubaliana kwamba mwizi hatangazi ng'ombe duniani kabla hajaulizwa. Kwa kuwa Marwa aliendelea kumkana, mtamba akapewa shule ya msingi. Uamuzi wa wakabidhi Rhobi alinisomea palepale: makala ya Marwa imefutwa, mimi niendelee, ila nisimwandike kamwe mtu aliyenipa chochote. Niliapa mbele ya mtendaji, ingawa hakuna aliyeniomba.

Tukatoka nje. Mtamba alikuwa akiswagwa kuelekea shuleni, hakugeuka hata kunitazama.

"Sasa mama," Rhobi akasema, "si umwandike marehemu mzee wako? Yule ndiye anayestahili."

"Siwezi, mwanangu," nikamjibu. "Yule alinipa vingi mno."