Anaeli na Bastola ya Kwanza

Mwaka 1934 mvua za vuli ziliikataa nchi ya Upare. Mahindi ya Lembeni yakakauka yakiwa na kimo cha goti, na Serikali ya Mwingereza pale Same ikashughulikia jambo la haraka zaidi: bastola ya nani ilitengenezwa kwanza.

Wenye bastola walikuwa wawili. Mmoja ni Bwana Shauri, mkuu wa Serikali pale bomani Same. Wa pili ni meneja wa shamba la mkonge, ambaye vibarua walimwita Bwana Mkonge. Kila mmoja alikuwa na bastola ya toleo lile lile, ya risasi sita, adimu, ambayo watu wa kwao huiweka kwenye sanduku la mahameli na kuitazama. Ya Bwana Mkonge iligongwa namba 1. Ya Bwana Shauri ilikuwa namba 3, lakini yeye alishikilia kuwa ile 1 inanuka tupa, yaani imechongwa ili kufuta tarakimu. Wakaandika barua kiwandani. Kiwanda kikajibu kuwa daftari liliungua. Basi wastaarabu hao wawili wakaacha kucheza karata pamoja.

Hapo ndipo akaitwa Anaeli, mhunzi wa Usangi. Ukoo wake ulifua chuma kabla Mjerumani hajafika. Wakati wa vita aliwatengenezea Wajerumani bunduki, na Waingereza walipowafukuza akawatengenezea Waingereza bunduki zile zile. Vita vilipokwisha, Serikali ilimshukuru kwa kumkataza kugusa bunduki.

Alishuka mlima kwa miguu, akapanda garimoshi Lembeni. Bomani alipokewa na Amiri, karani aliyetumika pia kama mkalimani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wanataka useme ipi ilizaliwa kwanza. Ila sema vizuri."

"Vizuri ndiyo vipi?"

"Wafurahi wote wawili."

"Hiyo kazi ya mganga, mwanangu. Mimi mhunzi."

Asubuhi nzima alifungua skrubu, akatoa vibao vya mpini, akapangusa vyuma kwa mafuta ya taa. Mabwana walimsimamia kama wajomba wanaongoja mtoto azaliwe. Mwishowe akasema, Amiri akifasiri:

"Fundi hugonga namba na ndani, chini ya mpini, ili vyuma visichanganyike mezani. Hii ya namba moja, ndani ni 61. Nje, sita imepigwa tupa. Pitisheni kidole, chuma kimebonyea."

Bwana Shauri alipitisha kidole, akakirudisha, akapitisha tena. Bwana Mkonge, masikio mekundu, akasema aliinunua hivyo hivyo.

"Lakini namba si umri," Anaeli akaendelea, na Amiri akafumba macho kidogo kabla ya kufasiri. "Hii 61 ina tundu la pini lililozibwa, likatobolewa jingine pembeni, na kifyatulio kikachongwa upya kulifuata. Namba 3 ina tundu moja tu, pale pale palipo sahihi. Chuma cha 61 kilifuliwa fundi akiwa bado anatafuta njia. Namba ziligongwa baadaye."

"Kwa hiyo?" Bwana Shauri akauliza.

"Kwa hiyo hii yenye namba ya kughushi ndiyo kaka wa ile 3. Aliyefuta sita alijitafutia dhambi bure. Ila ya kwanza kabisa, mimi siioni hapa mezani."

Hakuna aliyesema asante. Bwana Shauri alikumbuka ghafla kwamba mwenyeji amefungua silaha mbili bila kibali, akamwandikia onyo. Bwana Mkonge akakiandikia chama cha wakusanyaji wa bastola huko kwao kuwa uchunguzi wa kitaalamu umeithibitisha bastola yake kuwa ya kwanza. Habari ya 61 haikupata nafasi kwenye karatasi. Jina la mtaalamu nalo halikupata.

Anaeli aliumia, wala hakuficha. Kesho yake, nyumbani Usangi, mkewe, Justa, alimkuta ameketi kando ya mivukuto ya kupulizia moto, nao moto haujawashwa.

"Walikupiga?"

"Walinipa karatasi."

Akamsimulia yote. Justa alisikiliza huku akipukuchua maharage.

"Na wewe, jembe lako la kwanza kulifua liko wapi?"

"Lilikwisha. Mama alililimia mpaka ukabaki mpini."

Justa akacheka, na Anaeli, aliyekuwa ameazimia kununa mpaka jioni, akacheka naye. Kisha akawasha moto, maana jirani alikuwa ameleta mundu uliovunjika.